Jukwaa la Jua: Pengo Katika Mwito

Haya, sogeeni. Wiki nzima nimekuwa nikisimamishwa njiani kama mdaiwa. "Kwani yule binti alimwambia nini shangazi yake?" Hata mama anayeniuzia mkate alinishikilia mkono, akaapa hanipi kitu mpaka niseme. Sikusema. Nimekunywa chai kavu kwa ajili yenu.

Kwa aliyechelewa, nampa kwa ufupi, wengine mnivumilie. Jiji lao linawania kuandaa Michezo Mikuu, ile ya mataifa yote, na wakaguzi wanakuja Jumamosi kuutazama uwanja na watu wake. Bi Mbinja ni dobi wa hospitali. Hana mume tena, hakubahatika mtoto, lakini akiweka vidole viwili mdomoni na kupiga ule mluzi wake, kipa wa wageni husahau goli lake liko upande gani. Ndiyo maana akaitwa Mbinja.

Ijumaa mchana alikuwa chumba cha kufulia, anapiga pasi fulana nyeupe ambazo mashabiki wangezivaa mbele ya wakaguzi. Akaingia mtoto wa kaka yake, binti mpima ardhi wa jiji, buti zimejaa udongo. Akaukamata mkono ulioshika pasi, akasema, "Shangazi, kesho usiende uwanjani." Kisha akaangua kilio.

"Niachie mkono kwanza," alisema Bi Mbinja, "fulana inaungua."

Binti akamwachia.

"Nani amekufa?"

Mtu anayeishi peke yake, swali lake la kwanza ni hilo siku zote.

"Hajafa mtu, Shangazi."

"Sasa unamlilia nani?"

"Jukwaa la Jua halimo."

"Halimo wapi?"

"Kwenye uwanja mpya. Jiji likipewa Michezo, jukwaa lenu linabomolewa lote. Mimi mwenyewe ndiye niliyepigilia vigingi leo asubuhi. Nimegonga nyundo mpaka mkono umekufa ganzi, na kila kigingi nakuona wewe."

Bi Mbinja akacheka. Alidhani ni mzaha. Jukwaa la Jua ni ngazi za saruji zisizo na paa, jua linapiga usoni kipindi cha kwanza na kisogoni kipindi cha pili. Nani ahangaike kubomoa kitu ambacho hata mbuzi hukikimbia saa saba mchana?

"Watajenga nini pale?"

"Vyumba vya vioo. Wageni waheshimiwa watakaa humo na viyoyozi vyao."

"Na sisi?"

"Mtapewa viti. Viti vizuri tu, vya plastiki, kila kimoja kina namba yake. Mashine ndiyo itapanga nani akae wapi."

"Hata mtu na mtu wake?"

"Hata mtu na mtu wake, Shangazi. Mashine haijui mtu na mtu wake."

Hapo kicheko kikakatika. Bi Mbinja akakaa juu ya furushi la mashuka.

Sasa msikilize vizuri, maana asiyeujua mwito wa Jukwaa la Jua hatayaelewa yaliyotokea kesho yake. Kabla ya kila mechi Bi Mbinja hupiga mluzi mmoja mrefu. Kuanzia ngazi ya chini, kila mkongwe wa jukwaa huitikia kwa sauti yake, kwa zamu yake. Kinyozi hugonganisha mikasi. Mwashi hupiga mwiko kwenye saruji. Mkunga mstaafu hukohoa kikohozi kimoja ambacho watoto wa jiji zima wamezaliwa nacho masikioni. Fundi Saa, mzee wa watu, huliza saa ya mezani yenye kengele, na asiposhtuka mtu karibu naye huona siku imeharibika.

Zamu ikimfikia mtu na pasisikike kitu, Bi Mbinja hupiga miluzi mitatu mifupi. Wote hunyamaza. Timu yao ifunge goli, ifungwe, refa aangukiwe na mlingoti, hawatamki neno mpaka ijulikane huyo aliyekosekana yuko wapi. Mechi ikiisha wanakwenda kwake.

Ndivyo walivyomkuta mwashi amevunjika mguu, amelala sakafuni bila mtu wa kumpa maji. Na ndivyo walivyogonga mlango wa Bi Mbinja ile Jumamosi ambayo mwito haukuanza kabisa. Mume wake alikuwa ameanguka ghafla asubuhi hiyo. Ndugu wa damu walikuwa bado wanaulizana nani ana gari. Jukwaa la Jua lilikuwa limeshafika, limeshapika, limeshalia.

Tangu hapo anarudi kwenye chumba kimoja. Akifika huwasha redio kabla ya taa ili pawe na mtu anayeongea.

"Nikianguka Jumapili," akamwambia binti, "nitajulikana lini?"

"Shangazi, mimi nipo!"

"Wewe? Mara ya mwisho umekuja lini?"

Binti akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Hata leo umeletwa na vigingi," alisema Bi Mbinja, na hakusema kwa ubaya. "Haya niambie. Nani mwingine anajua?"

"Mwenyekiti. Alikuja tulipokuwa tunapima. Ndiye aliyetushikia kamba."

Ala! Mwenyekiti?

Pasi ikazimwa. Bi Mbinja akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Mwenyekiti wa mashabiki ni yule kinyozi niliyemtaja. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi huyu bwana amezifagia akili za mtaa mzima miaka na miaka, na nadhani nyingine alibaki nazo.

Kibandani watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, mada ni moja tu. "Wakimbiaji wenyewe, bwana! Si kwenye runinga yenye chenga!" "Mimi nitakaa pale pale pa kumalizia mbio, nipigwe na upepo wao!" "Wewe upepo wa feni tu unakupa mafua!"

Bi Mbinja akaingia. Kicheko kikafa. Mmoja akashika gazeti akalisoma kichwa chini miguu juu.

"Mwenyekiti," alisema, "kamba ulishika wewe?"

Mashine ya kunyolea ikasimama katikati ya kichwa cha mteja.

"Kamba gani tena, dada yangu?"

"Ya kutupimia kaburi."

Kinyozi akatazama benchi. Benchi likatazama sakafu.

"Bi Mbinja, kaa basi tuongee."

"Nimekaa juani miaka yote. Leo nasimama."

"Sikiliza, dada. Ningefanyaje? Nikatae? Jiji hili limewahi kupata nini? Kila kitu kizuri tunakisikia kwa wenzetu. Dunia haijawahi kuja kwetu hata siku moja, na sisi nauli ya kuifuata hatuna. Leo inataka kuja, mimi nisimame mlangoni niseme hapana, tuna ngazi zetu za saruji?"

"Nani aliyekuwa wa kwanza kuitaka Michezo hii? Si mimi? Nimezunguka wodi nzima nikiwaambia wagonjwa wapone haraka wasije wakaikosa!"

"Najua."

"Kuna mmoja alipona kweli!"

"Najua, Bi Mbinja, na mpaka leo anakuombea dua. Lakini kesho usituharibie, nakushika miguu. Wakaguzi wanataka kuona watu wenye furaha. Wenzetu kule jukwaani hawajui lolote. Tukishinda, nitawaambia kwa mdomo wangu."

Hakumtazama machoni alipokuwa akisema hivyo. Laiti Bi Mbinja angelitazama benchi badala yake! Lakini mtu mwenye uchungu hutazama mbele tu.

"Na wewe nimekuombea kiti," kinyozi akaongeza, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende. "Kizuri. Kivulini."

"Pembeni yangu nani?"

"Yeyote atakayepangiwa."

"Siku nikikosekana, huyo yeyote atajua?"

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine. "Bi Mbinja, si kila mtu..." Akaishia hapo.

"Si kila mtu nini?"

"Basi tu."

"Mwenyekiti," akasema mteja, "mimi hapa nina nusu kichwa."

Bi Mbinja alisimama akiwaza. Aliwawaza wenzake, mwashi, mkunga, Fundi Saa, wote waliokuwa wakizisubiri fulana zao kwa hamu na hawajui kinachowangoja. Wangepata Jumamosi moja tu ya furaha isiyo na doa. Yeye ni nani awanyime?

"Nitakuja," alisema. "Nitapiga mluzi, na sitasema."

Akageuka. Alipofika barabarani akasikia kibanda kizima kikishusha pumzi. Alidhani wamempumulia mteja mwenye nusu kichwa.

Jumamosi ikafika.

Getini alisimama afisa wa maandalizi, tai imemkaba, ameshika redio ya mkononi na anaipigia kelele ingawa haijawashwa.

"Fulana nyeupe wasikae pamoja! Tawanyikeni! Shangwe lazima itoke pande zote! Mkirundikana upande mmoja, wakaguzi watadhani jiji zima lina mashabiki kiganja kimoja!"

Uwanja ulikuwa umejazwa wafanyakazi wa ofisi na wanafunzi walioletwa kwa mabasi. Wengi hawakujua hata mpira una kona. Wakapewa amri moja: fuateni wenye fulana nyeupe. Wakisimama, simameni. Wakiimba, imbeni.

Mwashi akapelekwa nyuma ya goli la kaskazini. Mkunga kusini. Kinyozi ng'ambo kabisa. Jukwaa la Jua likabaki tupu, vigingi vyekundu vimezizunguka ngazi zake.

Bi Mbinja akapewa kiti Jukwaa Kuu, kivulini kama alivyoahidiwa. Kushoto alikaa karani anayeongea na simu. Kulia mwanamke aliyefungua mwavuli chini ya paa.

"Habari zenu, majirani," alisema Bi Mbinja.

"Ndiyo, bosi," karani akaiambia simu.

Yule mwanamke akauinamisha mwavuli kidogo upande wake, kama anayefunga dirisha.

Kivuli kilikuwa baridi. Bi Mbinja akajikunyata. Miaka yote ameota kivuli, na sasa amekipata anatamani jua limuunguze shingo, mradi nyuma yake awepo mtu anayelalamika kwamba kichwa chake kinamziba. Alijisikia mpweke kuliko anavyojisikia chumbani kwake, maana chumbani angalau kuna redio.

"Mama!" Afisa alikuwa chini yake, anatoka jasho. "Wakaguzi wako mlangoni. Wakitokeza tu, wewe piga, sisi tulipuke!"

Lakini kabla ya shangwe kuna mwito. Hivyo ndivyo siku zote, na mkono wa mtu haubadiliki kwa siku moja. Bi Mbinja akaweka vidole mdomoni, akapiga ule mmoja mrefu.

Kutoka ng'ambo, mikasi ya kinyozi. Hafifu, lakini ipo. Kutoka kaskazini, mwiko wa mwashi. Kikohozi cha mkunga kikafuata, na wanafunzi walioketi karibu naye wakacheka. Mmoja baada ya mwingine waliitika, kila mtu peke yake katikati ya wageni.

Ikaja zamu ya Fundi Saa.

Kimya.

Bi Mbinja akasubiri. Labda hakusikia. Labda kengele imekwama. Akatega sikio kaskazini, kusini, ng'ambo. Hakuna.

Na hapo ndipo alipoiona hatari yenyewe. Hakuna mwingine ambaye angeshtuka! Wa kaskazini angedhani mzee yuko kusini. Wa kusini angedhani yuko ng'ambo. Kila mmoja angemwachia mwenzake. Mzee wa watu anaishi peke yake juu ya duka lake, ngazi zake zimesimama wima kama ukuta, na juzi tu alikuwa akilalamika kifua.

"Sasa, mama! Sasa!"

Wakaguzi walikuwa wametokeza. Mbele yao mzee mrefu mwenye kofia ya ukindu, mkaguzi mkuu, na mkalimani wake nyuma. Walikuwa wanaingia kwenye nyasi wakitabasamu, tabasamu la mtu anayejua atapigiwa makofi.

Jiji zima lilikuwa linaungoja mluzi wa shangwe.

Bi Mbinja akaweka vidole mdomoni. Akapiga mitatu. Mifupi.

Jamani!

Mwashi akakaa na kufunga mdomo. Mkunga akakaa. Kinyozi, ng'ambo kule, akajishika kichwa kwa mikono miwili, lakini naye akakaa, maana mwito ni mwito. Fulana nyeupe zote zikanyamaza. Na wafanyakazi wa ofisi na wanafunzi, ambao amri yao ilikuwa moja tu, wakafuata.

Uwanja mzima ukanyamaza jii.

Wakaguzi wakasimama kwenye nyasi. Tabasamu likabaki usoni halijui liende wapi. Afisa aliipigia redio yake kelele bila sauti, mdomo unakwenda tu. Ungesikia bendera zikijikung'uta kwenye milingoti.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Mshindo ukatokea getini.

"Niacheni! Nimesema ni saa! SAA!"

Shingo zote zikageuka. Walinzi wawili walikuwa wamemshika Fundi Saa makwapani. Wa tatu alishika mfuko wake mbali na mwili, kichwa amekigeuzia pembeni. Kumbe mzee alikuwepo tangu asubuhi! Walinzi walisikia kitu kinatikatika mfukoni, wakamweka chini ya ulinzi, na kila alivyoeleza wakazidi kumwogopa.

Na saa nayo, kwa wakati wake, ikalia.

Mlinzi akautupa mfuko hewani, akalala kifudifudi. Wenzake wakatimka. Fundi Saa akaudaka mfuko kwa ufundi ambao hakuna kipa wa jiji lile aliyewahi kuuonyesha, akaitoa saa, akaizima, akaipiga busu.

Fulana nyeupe zikalipuka. Si ile shangwe waliyofanyishwa mazoezi. Walicheka, walilia, mwashi alipiga mwiko mpaka ukatoka mpini.

Lakini wageni walioletwa kwa mabasi hawakuelewa. Walichoona ni mwanamke aliyelinyamazisha jiji siku ya posa yake. "Mtoeni huyo mama!" akapiga kelele mmoja. Karani akakata simu, akazomea. Mwenye mwavuli akazomea. Zomeazomea ikazunguka Jukwaa Kuu, "Uuuuu!", na ilikuwa inamshukia Bi Mbinja mwenyewe, yeye ambaye amewazomea wageni maisha yake yote na hakuwahi kujua inaingia mahali gani mwilini. Inaingia tumboni.

Afisa alipanda ngazi, macho mekundu. "Umelimaliza jiji," alisema. "Ujue hivyo ukilala."

Fundi Saa akafika naye anahema, akamsukuma karani kwa kiwiko, akakaa.

"Ulinitafuta," alisema.

"Ulikosekana."

"Nilikuwa hapo getini tu, Bi Mbinja. Ungesubiri kidogo."

"Ningejuaje uko getini? Mimi nilijua hupo."

Mzee akaizungusha saa mikononi. Kulikuwa na kitu usoni pake, lakini Bi Mbinja akakichukulia kuwa ni uchovu.

Mara zomeazomea ikapungua, ikaisha. Mkaguzi mkuu alikuwa anapanda ngazi za Jukwaa Kuu, kofia mkononi, mkalimani pembeni na kipaza sauti cha mtangazaji. Akasimama mbele ya dobi wa hospitali.

"Anauliza," alisema mkalimani, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanja, "kwa nini mlinyamaza?"

Bi Mbinja akaeleza. Mluzi mmoja mrefu, zamu ya kila mtu, miluzi mitatu. Maneno machache.

"Anauliza, katika watu wote hawa, ulijuaje kwamba mmoja hayupo?"

"Nilimsikia hayupo."

Mkalimani akahangaika kidogo na hilo. Mkaguzi akatikisa kichwa polepole, akasema maneno mengi.

"Anasema ametembelea miji mingi. Kila mji unampigia makofi, na makofi yote yanafanana. Amechoka na makofi. Anataka mtu mmoja amwambie ukweli. Watu wa hapa, wanaitaka Michezo hii?"

Huko ng'ambo kinyozi aliruka uzio. Alikuja akikimbia juu ya nyasi, mikono hewani, anaashiria ndiyo, ndiyo, sema ndiyo! Bi Mbinja alimwona vizuri. Neno lenyewe lilikuwa ulimini.

Lakini ndiyo ya nani? Ya mwashi, ambaye hajui? Ya mkunga, ambaye hajui? Yake mwenyewe angeimeza, amezoea kumeza. Ya watu waliofika mlangoni kwake siku mume wake amelala chini, hiyo hakuweza kuisema kwa uongo.

Nisamehe, Mwenyekiti, akasema moyoni.

"Siwezi kuwajibia," alisema kwa sauti. "Hawajaambiwa. Waambieni kwanza kwamba Jukwaa la Jua linabomolewa na sisi tutatawanywa kama tulivyotawanywa leo. Vile vigingi vyekundu pale ndiyo kazi yake. Waambieni hivyo, halafu waulizeni."

Spika zikayabeba maneno mpaka kona ya mwisho ya uwanja. Bi Mbinja akafumba macho, akangoja wenzake wapasuke kwa hasira.

Hawakupasuka.

Mtu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mwito. Kilikuwa kile cha mtu asiyejua aseme nini.

Akafumbua macho. Kaskazini, mwashi alikuwa amesimama, ameuvua mkono mmoja wa fulana kama anayetaka kuivua yote. Akaweka viganja mdomoni.

"Bi Mbinja! Tunajua!"

"Mnajua nini?"

"Tunajua wote!"

Kinyozi alikuwa amefika chini ya Jukwaa Kuu, kainama, mikono magotini.

"Tulikaa kikao kibandani kwangu," alisema akihema. "Jumatano, ulipokuwa zamu. Jukwaa zima. Tukakubaliana wote tuiunge mkono Michezo. Na tukakubaliana wewe usiambiwe."

"Kwa nini mimi?"

"Bi Mbinja..."

"Nimekuuliza. Kwa nini mimi tu?"

Kinyozi akajifuta uso kwa fulana aliyopigiwa pasi na huyo huyo aliyemuuliza.

"Kwa sababu sisi wengine tuna pa kwenda Jumamosi."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ulisikia.

Bi Mbinja hakulia. Tangu jana alikuwa amebeba siri ili awalinde, kumbe wao walikuwa wameibeba hiyo hiyo ili wamlinde yeye. Na huruma yao ilikuwa inauma kuliko zomeazomea. Wamekaa, wamemzungumzia. Maskini Bi Mbinja, hana mtu, tusimwambie. Wameinua mikono, kisha wakarudi nyumbani kwa watu wao.

Akamgeukia mzee aliyekaa pembeni yake.

"Na wewe ulikuwepo?"

Fundi Saa akaiweka saa sakafuni.

"Nilikuwepo."

"Wewe una pa kwenda Jumamosi?"

"Sina."

"Sasa?"

"Macho yangu yanakwisha," alisema mzee. "Kazi hii imeyala. Daktari ameniambia nitumie yaliyobaki kwa kitu ninachokipenda. Nataka kuziona mbio za mita mia, Bi Mbinja. Mara moja tu, zikipita mbele yangu, si kwa kusimuliwa. Ni sekunde kumi. Nilikufikiria wewe, na nikazifikiria hizo sekunde kumi. Nikainua mkono."

Bi Mbinja, bila kutaka, akamvutia kola ya fulana iliyokuwa imejikunja getini, akamwekea sawa.

Mkaguzi mkuu alimwinamia mkalimani, akamnong'oneza. Mkalimani akasita, akakisogeza tena kipaza sauti.

"Anasema amewaelewa wao. Sasa anakuuliza wewe mwenyewe, mama. Wewe unaitaka?"

Tangu jiji lilipoanza kuiwania Michezo ile, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kinyozi chini alikuwa amepiga magoti. Mwashi alikuwa amesimama kule kaskazini, fulana nusu ndani nusu nje. Fundi Saa alikuwa ameyafumba yale macho yake yaliyobaki.

Bi Mbinja akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea kipaza sauti. Alichosema, wiki ijayo panapo majaaliwa.